Veturia Hakukimbia kwenye Theluji

"Hakupiga kelele! Nimekwambia mara tatu, hakupiga kelele hata moja. Sasa huyu binti wako anabweka nini?"

Veturia alikuwa amesimama katikati ya jiko la kuigiza, mikono kiunoni, taa za watu wa sinema zikimchoma usoni. Mbele yake, juu ya meza, alilala mwigizaji mwembamba kutoka Bukaresti, shuka lake limepakwa sharubati nyekundu, akingoja aambiwe alie tena au anyamaze. Mwongozaji wa filamu, Ilinca, msichana wa miaka thelathini na moja mwenye kofia ya sufu na sauti ya kubembeleza, aliinua mikono yote miwili.

"Mama Veturia, mtazamaji lazima ayasikie maumivu."

"Basi mchome sindano mtazamaji! Ukuta wetu mwembamba kama biskuti, na nyuma ya ukuta alikaa sajini wa polisi na mkewe. Ungelia, sajini angekuja na kandambili zake kuuliza kulikoni. Smaranda aliuma mwiko. Andika hapo: mwiko."

"Mwiko ni mzuri," alisema Ilinca, na akaandika kweli.

"Na usiku huu umeutoa wapi? Wanawake wanne wakiwasha taa usiku, mtaa mzima unajua kuna jambo. Ilikuwa Jumapili, saa saba mchana. Shingo za kuku zinachemka, redio inapiga muziki wa arusi. Mchana nani anawauliza wanawake jikoni wanafanya nini?"

Mwiko uliingia. Usiku ulibaki, kwa sababu taa zilikuwa zimekwisha kukodiwa. Ndivyo walivyoshindana majira yote ya baridi yale, huyu na kamera yake, yule na kumbukumbu zake, na sisi tunaotumia ngazi moja, milango kumi na miwili, tukishuka kila siku kutazama. Ilinca alikuwa anatengeneza filamu ya enzi zile za ukomunisti, kutoa mimba kulipokuwa jela, na wanawake walivyotunzana. Maneno yalikuwa yake. Mambo aliyachota kwa Veturia.

Mimi Jumapili ile nilikuwepo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na kazi yangu ilikuwa kuosha taulo, kwa hiyo ninayoandika sikuhadithiwa.

Veturia alikuja mji huu wa nyuzi akiwa na miaka kumi na sita, na kiwanda kikamla masikio. Miaka thelathini na miwili kwenye mashine za kusokota. Ndiyo maana hazungumzi, anapayuka. Aliolewa na Gelu wa reli, mtu mpole asiye na neno, na mtoto hakupata. Enzi zile kutozaa kulikatwa kwenye mshahara. Kila miezi mitatu daktari alikuja kiwandani akatupanga foleni nyuma ya pazia, mashine zikinguruma, atazame nani kabeba. Aliyebeba aliandikwa kitabuni, na tangu siku hiyo tumbo lake lilikuwa la serikali mpaka azae. Asiyebeba aliulizwa kwa nini. Veturia aliulizwa kwa nini miaka kumi na tisa, mbele za watu, naye jibu lake lilikuwa lile lile: "Muulizeni Gelu, mimi nipo."

Yeye aliyetaka hakupata, na waliopata bila kutaka walimjia yeye. Kazi alifundishwa na mkunga mmoja wa kijijini kwao, mzee mlevi ambaye mikono yake ilitulia tu akishanywa. Veturia hakunywa. Alilipwa kahawa, alilipwa sabuni, mara nyingine hakulipwa kitu. Wanawake kumi na mmoja walipita juu ya meza yake, na wote Jumatatu walikuwa kazini.

Smaranda alikuwa wa kumi na mbili.

Alikuwa na miaka ishirini na saba, anasokota mashine ya pili kutoka kwa Veturia, anakaa ghorofa ya pili chini yake. Mcheshi, mdomo hauna breki. Binti yake, Camelia, alikuwa na miaka sita. Daktari alipokuja Januari, Smaranda alikuwa keshajua kilichomo tumboni. Ikabidi Veturia apange foleni mara mbili, kwanza kwa kadi yake, kisha akafunga kitambaa kingine kichwani akarudi na kadi ya Smaranda. Daktari alimpima mara mbili asubuhi moja na uso hakuutazama hata mara moja. Tulicheka wiki nzima. Smaranda alikuwa akimwambia, "Veturia, mwili wako umenitetea, sasa uniazime na miguu, yangu imechoka."

Filamu ilimpa sababu nne: mume mlevi, njaa, baridi, mtoto mgonjwa. Veturia alikataa zote.

"Hakutaka," alimwambia Ilinca. "Alikaa kwenye kigoda changu akasema, huyu simtaki."

"Hiyo tu? Watu hawatamwelewa, mama."

"Sisi tulimwelewa, na hatukwenda chuo."

Lakini yapo ambayo Veturia hakumwambia Ilinca. Kiangazi cha kabla, Ilinca alipokuja na kinasa sauti na boksi la keki, Veturia alimsimulia yote mpaka Jumapili jioni: mwiko, taulo, Bibi Frusina aliyekaa ngazini akifuma soksi ili kuzuia njia. Kisha akaruka. Akasema, "Jumatano nikaita gari la wagonjwa," akamenya tufaha. Ilinca hakuuliza Jumatatu na Jumanne zilikwenda wapi.

Mimi nilijua zilikwenda wapi. Bibi Frusina alijua. Wa nne wetu alijua pia, na huyo siku hizi yuko Italia anaogesha wazee wa watu. Simu ya jengo zima ilikuwa moja, nayo ilikuwa kwa Veturia, kwa sababu ya Gelu wa reli. Jumatatu asubuhi Smaranda alianza kuwaka homa. Akasema, "Piga." Veturia akasema, "Subiri, itashuka." Gari la wagonjwa lilikuwa haliji peke yake, nyuma yake alikuja mwendesha mashtaka, na nyuma ya mwendesha mashtaka jela, miaka mitano, miaka saba. Jumatatu jioni akasema tena, "Piga, Veturia, nakuomba." Veturia alipanda nyumbani kwake akaichomoa simu, akaitia kabatini chini ya foronya ili macho yake yasiione. Alirudi akambadilisha shuka, akamlisha supu kwa kijiko, akamsugua miguu. Hakulala siku mbili. Hakuna mama aliyewahi kumtunza mwanawe vile. Na simu iko kabatini.

Jumatano alfajiri mdomo wa Smaranda ulikuwa mweupe kama unga, ndipo akapiga.

Hospitalini mwendesha mashtaka alivuta kiti akakaa kando ya kitanda na karatasi yake. Daktari alisimama mikono mfukoni. Alikuwa haruhusiwi kumtibu kabla jina la aliyemtoa mimba halijaandikwa. Mfagiaji wa wodi ndiye aliyetuletea habari. "Nani?" "Mwenyewe." "Nani alikushikia?" "Mwenyewe." Walimuuliza hivyo kuanzia saa mbili mpaka saa sita. Jumatatu alikuwa na damu ya kungojea maswali. Jumatano hakuwa nayo.

Smaranda alikufa hakumtaja. Veturia hakufungwa hata siku moja. Baba yake Camelia alipata mke mwingine mwaka haujaisha, na mtoto akawa anashinda kwa Veturia, anakula kwa Veturia, anafanya masomo yake mezani kwa Veturia. Anamwita shangazi. Amekua mwanamke wa miaka ishirini na tisa, anauza mikate pale kona, na kichwani mwake kuna hadithi moja tu: waliomuua mama yangu ni wale wa hospitali, na aliyejaribu kumwokoa ni shangazi Veturia.

Kwa hiyo alilokuwa nalo Veturia la kupoteza ni hilo, Camelia. Hana mwingine duniani. Gelu amekufa, ndugu wamekufa, kiwanda kimeuzwa vyuma.

Mwanzoni mwa Februari walipiga picha ya mbio. Ilinca alikuwa amelijaza pengo mwenyewe: katika filamu hakuna simu, rafiki wa marehemu, mrembo wa nywele ndefu, anatoka peku, anakimbia kwenye theluji mtaa mzima mpaka mlango wa hospitali. Mwigizaji aliikimbia mara sita. Kila akifika mwisho wanaume wawili walimfunika blanketi na kumtia chai mkononi. Tulikuwa tumesimama nyuma ya kamba, Veturia katikati, Camelia kulia kwake.

Mara ya tatu Camelia akaanza kulia.

"Shangazi, hukuwahi kuniambia ulikimbia."

Veturia alitazama mbele.

"Peku? Kwenye baridi ile?" Camelia akamshika mkono akaubusu, mbele za watu, kama abusuvyo mkono wa padri. "Mungu akulipe."

Nilimwona Veturia akiurudisha mkono ule mfukoni taratibu, kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Jioni ile ile alimvamia Ilinca penye gari la chakula.

"Zitoe hizo mbio."

"Mama, hizo ndizo roho ya filamu! Mwanamke anamkimbilia mwenzake. Nani mwingine aliwakimbilia? Wanaume? Serikali?"

"Sikukimbia."

"Ulitembea haraka, basi. Sinema ni sinema."

"Sikutembea. Unasikia wewe? Umetutengeneza malaika. Tulimtunza, ndiyo. Tulimtunza mpaka akafa."

Ilinca aliacha kutafuna. "Hilo neno," alisema, "lazima niliweke mdomoni mwa mtu." Akatafuta kalamu.

Veturia alipanda ngazi akihema. Alinigongea, akaingia, akakaa jikoni kwangu na koti lake.

"Kabusu mkono," alisema.

"Nimeona."

"Nimwambie?"

"Miaka ishirini na mitatu umenyamaza. Nyamaza na hii iliyobaki, mwenzangu, si mingi."

Ndiyo ushauri niliompa. Sikumpa kwa ajili yake tu, ningeambiwa na mimi, "Na wewe na taulo zako?"

Ikabaki picha ya maziko. Waliipiga makaburini kwetu, na watu wa kujazia tulikuwa sisi wa ngazi, tumevaa nyeusi zetu wenyewe, kila mmoja ameahidiwa posho na supu. Ilinca alikuwa na orodha: jeneza, mishumaa, koliva ya kugawia waombolezaji. Kijana wa vifaa akaleta koliva ya plasta iliyopakwa rangi, na Bibi Frusina, miaka themanini na minane, jicho moja, akaigonga kwa fimbo.

"Hii mtazikia paka."

Basi wakamwomba Veturia apike ya kweli. Katika jengo letu yeye ndiye mpishi wa koliva: ngano inachemshwa taratibu mpaka ipasuke, inakorogwa na sukari na njugu za jozi, inafinyangwa kama mkate, inapambwa msalaba. Amempikia kila maiti aliyetoka ngazi yetu, pamoja na yule sajini. Smaranda hakumpikia. Siku ile ya 1984 alisema ngano imekosekana dukani, na ni kweli ilikosekana. Lakini ikaja arobaini, ukaja mwaka, ikaja miaka saba, na ngano ilikuwepo. Koliva haigawiwi kimya. Unampa mtu kikombe, anakuuliza ya nani, unataja jina, naye anasema Mungu amsamehe, ndipo anakula. Usipotaja, umegawa uji tu. Na ukimtaja aliye hai, umemwita kaburini. Hilo kwetu hata mtoto analijua.

Ilinca hakulijua, au alilijua akalisahau kwenye makaratasi yake. Alimpanga Veturia karibu na kaburi na sinia la vikombe, akatupanga sisi mstari, akasema, "Mnapokea, mnakula, mnalia kidogo. Kamera!"

Bibi Frusina alikuwa wa kwanza. Akanyoosha mkono, akaurudisha.

"Ya nani?"

Marehemu wa filamu jina lake Irina. Na huyo Irina alikuwa hatua kumi pale, ametolewa jenezani, amekaa kwenye kiti cha kukunja anavuta sigara na kujipuliza vidole.

"Shika tu, bibi," Veturia alinong'ona. Kwake kunong'ona ni kusema.

"Sishiki koliva isiyo na mtu. Ya nani?"

"Bibi, ni sinema."

"Ngano ni sinema? Sukari ni sinema? Umeipika wewe, na mimi nitaila kwa meno yangu mawili haya ya kweli. Ya nani, wewe?"

Ilinca alikuwa amefungua mdomo aseme kata. Hakusema. Kamera ilikuwa inakwenda. Mtu wa kipaza sauti alikishusha karibu zaidi na kichwa cha Veturia.

Veturia alimtazama yule mwigizaji na sigara yake. Kisha akalitazama sinia.

"Ya Smaranda."

"Smaranda yupi?"

"Wetu. Wa ghorofa ya pili."

Bibi Frusina akachukua kikombe. "Mungu amsamehe." Akala kijiko, akatafuna polepole. "Umechelewa kweli, mwanangu," alisema, akasogea pembeni kumpisha anayefuata.

Anayefuata alikuwa Camelia.

"Shangazi, kwa nini ya mama?" Alikuwa anatabasamu bado. "Mama wamempikia zamani, si ndiyo?"

"Hakuna aliyempikia."

"Si wewe ndiye mpishi?"

"Mimi ndiye mpishi."

"Basi?"

Na hapo, mwanamke aliyepayuka maisha yake yote akatafuta sauti asiipate. Ikamtoka ndogo, kavu. "Sikuweza kumtaja. Sikukimbia popote, Camelia. Simu ilikuwa kwangu. Aliniomba Jumatatu, nikakataa. Akaniomba tena jioni. Nikaichomoa."

Camelia alikuwa bado amenyoosha mkono wa kupokea kikombe.

"Uliiweka wapi?"

Swali hilo nimelifikiria sana. Kati ya yote aliyoweza kuuliza, aliuliza hilo.

"Kabatini. Chini ya foronya."

"Siku ngapi?"

"Mbili."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Kwangu. Chumba kile kile. Nilikupa mkate na jemu, ukawa unachora."

"Nilikuwa na simu chumba kimoja."

"Ndiyo."

Akageuka akanitazama mimi, wa tatu kwenye mstari. "Na wewe ulijua."

"Nilijua," nilisema.

Camelia akachukua kikombe mwenyewe kwenye sinia la Veturia. Akala koliva yote, kijiko kwa kijiko, hakubakiza punje, maana koliva ya mama yako huachi. "Mungu amsamehe Smaranda," alisema. Alimwombea msamaha Smaranda peke yake. Akakiweka kikombe juu ya jeneza tupu, akaondoka kati ya makaburi na viatu vyake vyeusi vya kuazima.

Ilinca alimshika bega mtu wa kamera. "Mfuate," alimnong'oneza. "Uso, uso, mfuate uso."

Baadaye alimkumbatia Veturia mpaka kofia ikamwanguka. "Mama, hii ni dhahabu! Turudie mara moja tu, ukiwa umeelekea mwanga. Ila usitaje simu, tafadhali, kwa sababu katika filamu hakuna simu."

Veturia alimpa sinia. "Gawa mwenyewe," alisema.

Kuanzia siku hiyo Camelia hakupanda tena ghorofa ya tatu. Wakikutana ngazini alijibandika ukutani ampishe, kama unavyompisha mtu aliyebeba ndoo ya majivu. Veturia alikwenda dukani kona kununua mkate, Camelia alimpa mkate, akampa chenji, akasema, "Anayefuata." Akaenda kesho yake, anayefuata. Akaenda miezi miwili. Mwisho akawa ananunua mkate ng'ambo ya reli, mkate mbaya, na mguu wake wa kushoto ulikuwa umeanza kuvimba.

Majirani walimgawana kama kawaida yao. Wengine walisema shetani gani amemfungua mdomo, angekufa nayo. Wengine walisema kwa jela ya miaka ile hata mimi ningeichomoa. Aliyesema hivyo kwa sauti zaidi alikuwa mjane wa sajini.

Novemba filamu ililetwa kuonyeshwa katika jumba la utamaduni. Tuliwekewa viti vya mbele. Veturia hakwenda. Camelia alikwenda, akakaa ukingoni na koti lake mwilini. Tuliona jiko la usiku, tukasikia yowe. Mwiko ulikuwepo, lakini yowe lilikuwepo pia, lilipita juu ya mwiko. Tukaona wanawake wanne wamekumbatiana chini ya mwanga wa dhahabu, sisi hao, wazuri hatari, meno yamepangika. Hatukuwahi kukumbatiana. Nani alikuwa na nafasi? Kisha mbio kwenye theluji, na vinanda, na ukumbi mzima ukapenga makamasi.

Mwishoni ukaja uso wa Camelia. Sekunde saba au nane. Hakuna neno, hakuna simu, hakuna Veturia. Uso tu, wa mwanamke aliyejua sasa hivi, na nyuma yake misalaba. Mama mmoja nyuma yangu alimwambia mumewe, "Huyo ndiye anayejua kuigiza. Wamemtoa wapi?"

Ilinca alipanda jukwaani akasema filamu hii ni shukrani kwa wanawake wa ngazi moja waliobebana wakati hakuna mwingine wa kuwabeba. Tukapigiwa makofi. Niliinuka nikainama, maana wote waliinuka wakainama. Nilipogeuka, kiti cha ukingoni kilikuwa kitupu.

Kesho yake, Jumapili baada ya misa, nilikuwa kwa Veturia tunachambua maharage. Alikuwa hajaniuliza lolote juu ya filamu. Mlango ukagongwa mara mbili, naye akaujua ule mgongo wa vidole. Aliinuka akamwaga maharage chini.

Camelia aliingia mpaka jikoni bila kuvua viatu. Mkononi alikuwa na kifurushi cha gazeti.

"Umekimbia vizuri jana, shangazi," alisema. "Wamekulilia ukumbi mzima. Hukupata mafua?"

"Kaa, mwanangu. Nikutilie kahawa."

"Sikai."

Akafungua gazeti juu ya meza, kati ya maharage. Yalikuwa mayai.

"Ya nini haya?"

"Ya Pasaka ya mwaka jana. Yangu yalivunjika nikiyapaka rangi, nikaja kuazima kwako. Sita."

"Nani anahesabu mayai, Camelia? Umekula mayai mangapi katika nyumba hii!"

"Hayo ya utoto ulinipa mwenyewe, sikuomba. Haya niliomba, na ukanipa hapo hapo." Akayatoa moja moja akayapanga mezani. "Moja. Mawili. Matatu."

Veturia alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Niombe kitu," alisema. "Chochote. Nitukane."

"Manne. Matano." La sita alilishika dirishani, kwenye mwanga. Lilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Linafaa," Veturia alisema haraka. "Nitalikaanga sasa hivi, linafaa."

"Hukunipa la ufa."

Akatoka nalo. Tulimsikia akishuka, mlango wa chini ukafunguka, ukafungwa, akapanda tena, hatua zile zile, hana haraka. Aliniona nimeinama naokota maharage, akanipita. "Wewe sina deni lako," aliniambia.

Akaliweka yai jipya mwisho wa mstari, akalishikilia kwa kidole mpaka lilipoacha kubingirika.

"Sita," alisema. "Hesabu."

Veturia akahesabu, kwa kidole, kwa sauti yake ile ya kiwandani, moja mpaka sita. Camelia alimngojea amalize, akakunja gazeti lake, akalitia kwapani, akashuka.